Jua la Kiangazi na Pampu ya Joto la Ardhini

Wako miongoni mwetu wenye watoto na jamaa waliohamia nchi za baridi kama Uswidi na Kanada, ambako kupasha nyumba joto ni gharama isiyoepukika. Juma hili tutazungumzia chombo wanachouziwa huko, yaani pampu ya joto la ardhini, na swali linalofuata baada ya kuinunua: je, yafaa kuiongezea mtambo wa jua juu ya paa?

Pampu hiyo hufanya kazi kama jokofu. Jokofu hutoa joto ndani ya kabati na kulitupa nyuma yake. Pampu hulitoa ardhini na kulimimina nyumbani. Katika tundu lenye kina cha mita 100 au zaidi huteremshwa bomba la plastiki lililopindwa kama herufi U, nalo hupitisha maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Huko chini ardhi haijui theluji wala jua kali. Kwa kila sehemu moja ya umeme, nyumba hupata sehemu tatu au nne za joto. Wazo lenyewe si geni: Mswisi Heinrich Zoelly alilipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1912.

Tatizo huja polepole. Tundu likiwa fupi mno, au majirani wakichimba karibu karibu, ardhi hunyang'anywa joto kuliko inavyorudishiwa. Mwaka hadi mwaka hupoa, pampu hutaabika, na ankara ya umeme hupanda. Ndiyo sababu huko Uswidi hushauriwa kutenganisha matundu kwa mita 20. Hapo ndipo muuzaji wa mitambo ya jua huingia na maneno matamu: weka joto la kiangazi ardhini, ulichukue wakati wa baridi!

Maneno hayo ni nusu ya kweli. Katika mji wa Okotoks, Kanada, nyumba 52 ziliunganishwa mwaka 2007 na mtambo wenye vibao vya jua 800 hivi, uliohifadhi joto katika matundu 144 yenye kina cha mita 35 hivi. Katika msimu wa 2015 hadi 2016 jua lilitosheleza mahitaji yote ya kupasha nyumba hizo. Lakini matundu yale yalisongamana makusudi, yakafunikwa kwa tabaka la kuzuia joto, na joto lililokimbia tundu moja lilidakwa na la pili. (Mtambo ulifungwa mwaka 2024, vifaa vilipochakaa.) Tundu la nyumba moja halina mwenzake wa kudaka. Joto lililotiwa humo mwezi wa Julai, sehemu yake kubwa huwa imekwisha kutawanyika mwambani kabla ya Januari.

Kwa hiyo mwenye tundu la kutosha na alitumie jua kwanza kwa maji ya kuogea na ya jikoni. Kiangazi chote pampu itapumzika, na ardhi itajirudishia joto yenyewe, bure. Yatakayobaki ndiyo yateremshwe tunduni, tena baada ya kupozwa kwa vali ya kuchanganyia, kwa maana bomba la plastiki halistahimili maji yanayokaribia kuchemka, na pampu yenyewe ina kikomo cha joto inalopokea. Tangi la maji nalo lipashwe hadi digrii 60 mara kwa mara, vijidudu vya maji vuguvugu visije vikazaana.

Mwenye tundu fupi ana hesabu nyingine. Kwake kuilisha ardhi joto ni tiba, na huenda ikamgharimu pungufu kuliko kuleta mtambo wa kuchimba mara ya pili. Lakini na apime kabla ya kutoa fedha: kila Februari aandike daftarini kiasi cha joto la maji yanayopanda kutoka tunduni. Yakizidi kushuka mwaka baada ya mwaka, na amwite fundi wa jua. Yakisimama palepale, fedha zake zitafaa zaidi kuziba nyufa za madirisha.