Wajibu kwa Taifa Usipimwe kwa Nauli

KILA mwaka, mara wanafunzi wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao ya mwezi Mei, majina yao hutangazwa, na kila mmoja huelezwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa anayotakiwa kuripoti. Kwa mzazi mkulima wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jina la mwanawe kuonekana katika orodha hiyo ni jambo la fahari. Lakini fahari hiyo huandamana na swali moja zito: nauli itatoka wapi?

Swali hilo laweza kuonekana dogo machoni pa mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Sisi tunaliona kuwa kubwa, kwa sababu linagusa msingi wenyewe wa utumishi wa lazima, yaani kwamba mzigo wa Taifa hubebwa na wote, na kila mtu huubeba kwa kadiri ya uwezo wake.

Msingi huo haukuwekwa jana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963, likiwa la vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba vijana waliosomeshwa kwa jasho la wananchi walitumikie Taifa kwa miaka miwili, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo wakatwe asilimia 60 ya mishahara yao. Mwezi Oktoba mwaka huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga uamuzi huo, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Lakini Mwalimu Nyerere hakuishia hapo. Alitangaza pia kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alifahamu kwamba kiongozi hawezi kumtaka kijana ajinyime huku yeye mwenyewe hajinyimi.

Somo la pili lilitolewa katika ardhi ya Kagera yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mkoa huo uliitwa wakati ule Ziwa Magharibi, na Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Vijana wa JKT na mgambo waliitwa kutoka kila upande wa nchi kuungana na wanajeshi wa JWTZ, na tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ikatwaliwa. Katika siku zile hakuna mgambo aliyeambiwa ajitafutie nauli ya kwenda mpakani. Malori na mabasi yalikusanywa, na Taifa likawabeba vijana wake mpaka pale lilipowahitaji. Mashujaa waliolala Kaboya ni ushahidi wa namna wao walivyolilipa Taifa hilo.

Mwaka 1994 utaratibu wa mujibu wa sheria ulisimamishwa, kwa sababu Serikali haikuwa na fedha za kuuendesha. Mwaka huo huo wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu kwa maelfu, na wananchi wa huko wakaona tena maana ya kuishi mpakani. Mwaka 2013 utaratibu huo ulirejeshwa, na baadhi ya Wabunge wakaingia kambini pamoja na vijana. Tuliuunga mkono uamuzi huo, na tunauunga mkono hata leo. Kijana wa mpakani anayefundishwa ukakamavu, uzalendo na kazi za mikono, akala na kulala pamoja na wenzake wa kutoka Mtwara na Pemba, hawezi kupotoshwa kwa urahisi na maneno ya kugawa watu.

Lakini tukiri yaliyo kweli. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakimtaka kijana aje na bukta, fulana, raba, shuka, nguo za kuzuia baridi, na nauli ya kwenda kambini na kurudi nyumbani. Kijana wa Dar es Salaam aliyepangiwa Ruvu hutumia saa chache kufika. Kijana wa Murongo au Nkwenda akipangiwa kambi hiyo hiyo, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Sheria inayowaita ni moja, lakini gharama ya kuitikia si moja.

Tena wito huo hufika katika majira mabaya kwa mkulima wa kahawa. Mwezi Mei kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva, na fedha za chama cha msingi bado ziko mbali. Hapo ndipo mlanguzi hubisha hodi. Mzazi mwenye haja ya fedha ya haraka hushawishika kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa, mtindo ambao huko huitwa butura, na ambao Serikali imeupiga marufuku. Itakuwa ni aibu ikiwa wito wa kulijenga Taifa utageuka kuwa mlango wa kumwingiza mlanguzi katika shamba la mkulima.

Yapo pia madhara ya baadaye. Mafunzo ya JKT yamekuwa sifa inayotazamwa katika kuajiri vijana kwenye vyombo vya ulinzi na usalama. Kijana anayebaki nyumbani kwa kukosa nauli huenda akaikosa kazi baadaye, na kwa kutoripoti akahesabiwa kuwa mkaidi. Ukaidi na umaskini ni vitu viwili, na Serikali ya wakulima na wafanyakazi haina budi kuvitofautisha.

Wapo watakaosema kwamba Serikali haiwezi kumsafirisha kila kijana, na kwamba gharama ndizo zilizousimamisha utaratibu huu mwaka 1994. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini hatusemi kila kijana alipiwe. Tunasema asiyeweza asaidiwe. Wazee wetu wanakumbuka waranti za usafiri walizopewa wanafunzi wa shule za bweni zamani, na hakuna sababu ya msingi ya kutorudisha kitu cha namna hiyo kwa wachache wanaostahili. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kuwakusanya vijana wao na kukodi mabasi kwa pamoja. Wenye shida kubwa wanaweza kupangiwa kambi za Kigoma au Mara, ingawa tusingependa vijana wote wa mkoa mmoja wawekwe mahali pamoja, kwani kuchanganyika ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Hapa ndipo watumishi wa umma na walimu wanapohusika. Mkuu wa shule humfahamu mwanafunzi aliyesoma kwa shida. Ofisa Mtendaji wa Kata huifahamu nyumba anayotoka. Wawili hao wakiandaa orodha ya kweli kabla ya mitihani, bila upendeleo na bila kuingiza majina ya watoto wa wenye uwezo, kazi ya halmashauri itakuwa nyepesi.

Kwa vijana tunasema: wajibu wenu haupungui hata chembe. Kwa wazazi tunasema: msiuze kahawa changa. Na kwa Serikali tunasema kwamba Taifa lililoweza kuwabeba vijana wake kwenda vitani mwaka 1978 haliwezi kushindwa kuwabeba walio maskini miongoni mwao kwenda kambini wakati wa amani.