Mwalimu Aliyerukwa Daraja

Wanachuo wanaokaribia kuhitimu huulizana watapangiwa shule gani, kama ni Bunju au Chamazi, na kama huko kuna nyumba ya mwalimu. Wachache huuliza watapanda daraja lini, na wachache zaidi huuliza watafanya nini wasipopanda. Sisi twaona kwamba swali hili la mwisho lapasa kuulizwa hapa chuoni, kabla mwalimu hajalikuta akiwa peke yake katika chumba cha walimu, siku wenzake wanapopokea barua naye hana.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Madaraka ni kazi ya kuteuliwa: ualimu mkuu, ualimu mkuu msaidizi, uafisa elimu kata. Daraja ni ngazi ya utumishi, nayo ndiyo hubeba mshahara. Mwalimu wa cheti huajiriwa katika Daraja la IIIA, ngazi ya mshahara TGTS B. Wa stashahada IIIB, TGTS C. Wa shahada IIIC, TGTS D. (Wazee walioingia kazini wakati wa UPE, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, husikia hayo kwa mshangao, maana enzi zao herufi C ilikuwa ndiyo ya chini.) Anayekosa madaraka aweza kusikitika, lakini hawezi kudai, kwa kuwa uteuzi hauna foleni. Anayekosa daraja, ilhali ametimiza muda uliowekwa katika muundo wa utumishi na kazi yake imepimwa kuwa nzuri, huyo ana hoja, na hoja yake yapasa kusikilizwa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti. Mwezi wa Aprili 2017 yalitolewa majina ya watumishi zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kazi hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo walioilipia hawakuwa wenye vyeti vya kughushi peke yao, bali hata walimu waaminifu ambao miaka yao ya kupanda iliangukia katika kipindi hicho. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandishwa vyeo kwa makumi ya maelfu ya watumishi, na baadaye likaja neno ambalo kila mwalimu sasa analijua: mserereko, yaani kuwasogeza waliocheleweshwa ili wawafikie wenzao. Lakini uchungu wa kurukwa hauji wakati wote wamesimama. Huja pale msafara unapoanza kwenda tena, na watu wawili walioajiriwa mwaka mmoja wakajikuta katika ngazi mbili, nao wanafundisha vyumba vinavyopakana.

Hapo ndipo mbinu za kufundishia zinapoingia katika habari hii. Katika shule nyingi za pembezoni mwa Temeke na Kinondoni darasa moja hubeba watoto wengi kupita kiasi, na baadhi ya shule husoma kwa mikondo ya asubuhi na mchana. Mwalimu aliyerukwa huvutwa na mgomo baridi: anafika, anaandika ubaoni, anaketi, madaftari yanarudi bila kusahihishwa. Twaelewa hasira hiyo, lakini hatukubaliani na njia yake. Mtoto wa Charambe haandiki barua za kupandisha daraja wala hazitii sahihi. Zaidi ya hayo, mwalimu aliyeacha kusahihisha amempa msimamizi wake sababu ambayo jana hakuwa nayo.

Wala hatukubaliani na wale wanaomtuliza mwenzao kwa kumwambia subira yavuta heri, kisha wakaondoka. Subira bila barua ni kunyamaza tu. Hatua ya kwanza ni kuuliza kwa maandishi, kupitia kwa mwalimu mkuu, sababu ya kutopandishwa. Jibu laweza kuwa ikama na bajeti; hapo mwalimu hana kosa, na yafaa aombe ahakikishiwe kuwa jina lake limo katika maombi ya mwaka unaofuata. Laweza kuwa shauri la nidhamu. Mara nyingi, kwa maoni yetu, ni kumbukumbu pungufu: barua ya kuthibitishwa kazini haimo jaladani, au tathmini ya mwaka fulani haionekani. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, ina ofisi wilayani, na mwalimu hahitaji kujuana na mtu ili aingie humo. Chama cha Walimu nacho kipo kwa kazi hiyo.

Zamani mtumishi aliandikiwa taarifa ya siri, asijue kilichosemwa juu yake. Tangu mwaka 2004 zikaja fomu za wazi za OPRAS, na sasa PEPMIS, ambamo mwalimu mwenyewe hujaza majukumu yake na msimamizi huthibitisha. Mfumo huo una usumbufu wake, hasa mtandao unapokatika, lakini umetuachia jambo moja kubwa: ushahidi wa kazi huanzia mikononi mwa aliyeifanya.

Wako watakaochagua kusoma zaidi. Chuo Kikuu Huria kina makao makuu Kinondoni, na DUCE iko Chang'ombe, mahali palipokuwa chuo cha ualimu hadi mwaka 2005. Ni chaguo jema, mradi ruhusa ya mwajiri itangulie, na mwalimu ajue kwamba shahada haibadilishi mshahara siku ya mahafali. Wengine watahamia shule binafsi. Hao na wausome mkataba, hususan michango ya pensheni, kabla ya kuutazama mshahara.

Kwa mwanachuo, kazi yaanza sasa. Maandalio ya masomo na maazimio ya kazi mnayoandika wakati wa mazoezi ya kufundisha aghalabu hutupwa mkufunzi akishaondoka. Twapendekeza kila mwanachuo afungue jalada lake leo, na mwaka wa kwanza kazini aweke humo barua ya ajira, kisha, baada ya miezi 12 ya majaribio, barua ya kuthibitishwa. Ikiwa hiyo ya pili haijafika mwezi wa 13, asingoje wa 14 ndipo aulize.