Kosa la Novak halikuwa uhafidhina

Imani imeota mizizi miongoni mwa wasomaji wa magazeti, na hata ndani ya vyumba vya habari, kwamba mchambuzi wa siasa akishajulikana upande wake basi si mwandishi wa habari tena, ni chawa wa chama. Wa kuaminika, tunaambiwa, ni yule ambaye hakuna anayejua anampigia nani kura. Ndiyo maana mchambuzi akitajwa tu, swali la kwanza huwa “huyo ni wa upande gani?”, na likishajibiwa watu huona wamemaliza kumpima. Nadhani swali hilo linatupotezea muda. Upande wa mtu mwenye msimamo wa wazi unaonekana, na msomaji mwenye akili timamu anajua namna ya kuutoa katika hesabu yake anaposoma. Kisichoonekana ni nani aliyempa habari, kwa nini alimpa yeye, na aliyetoa habari hiyo alitarajia kuvuna nini. Kwa kulithibitisha hili, sijui mfano bora kuliko Robert Novak, mhafidhina wa Washington ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alichukiwa kwa sababu isiyo sahihi.

Novak alizaliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1931. Alianzia shirika la habari la Associated Press, akaingia Wall Street Journal mwaka 1958, akafika kuwa mwandishi wake mkuu wa habari za Bunge. Mei 1963 yeye na Rowland Evans walianzisha safu iliyotoka mara kadhaa kwa wiki na kuchapishwa na magazeti mengi nchini Marekani. Evans alipostaafu safu mwaka 1993, Novak aliendelea peke yake. Televisheni ndiyo iliyomfanya maarufu kwa sura: alikuwa CNN tangu kituo hicho kilipoanza mwaka 1980, akabishana katika Crossfire na The Capital Gang, amekunja uso, amevaa kizibao chake, akitetea kupunguzwa kwa kodi kana kwamba ni amri ya kumi na moja. Mwanahabari mwenzake alimbatiza jina la Mfalme wa Giza, naye akalipenda kiasi cha kulifanya jina la kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2007.

Sasa, kama imani ile ya wasomaji ingekuwa sahihi, tungetarajia mtu huyu awe kipaza sauti cha chama cha Republican. Rekodi yake inakataa. Kwa maelezo yake mwenyewe aliwapigia kura Wademokrat, Kennedy mwaka 1960 na Johnson mwaka 1964. Uhafidhina wake ulikua polepole, na wakati unakua aliuonyesha mbele ya wasomaji. Yeye na Evans walichapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu utawala wa Nixon ambacho hakikuwa cha kumsifu rais huyo. Novemba 1978 alikuwa Beijing akimhoji kiongozi wa China Deng Xiaoping, na maneno ya Deng kwamba mabango yaliyokuwa yakibandikwa kwenye Ukuta wa Demokrasia ni jambo jema yalifika kwa umati uliokuwa ukisubiri barabarani. Ilikuwa habari ya dunia, na aliyeipata ni mpinga ukomunisti wa kupindukia.

Kipimo kikubwa zaidi kilikuja na Iraki. Mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003, wakati kuipinga vita ile ndani ya kambi ya wahafidhina kulikuwa ni kujitafutia talaka, Novak aliipinga waziwazi. Malipo yake yalikuwa makala ya David Frum, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za Rais Bush, katika jarida la National Review, ambamo Novak aliwekwa katika kundi la wahafidhina wasio wazalendo. Chawa hatukanwi hivyo na mwenye kichwa. Na aliweza kuipinga vita kwa sababu hasa alikuwa na msimamo wake wa siku nyingi, wa kuiogopa serikali inayojitanua na majeshi yanayokwenda mbali. Waandishi wengi waliojiona hawana upande walikuwa wakati huohuo wakinakili madai ya maofisa kuhusu silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana.

Basi aliharibu wapi? Tuanze na mwaka 1972. Aprili mwaka huo safu ya Evans na Novak ilimnukuu seneta wa chama cha Democratic, bila kumtaja jina, akisema kwamba wapiga kura hawajui kuwa George McGovern, mwenzake wa chama aliyewania urais, anaunga mkono msamaha kwa waliokwepa jeshi, utoaji mimba na kuhalalishwa kwa bangi. Warepublican walilidaka neno hilo, wakabadilisha bangi kuwa dawa ya kulevya kali zaidi kwa sababu ilikaa vizuri mdomoni, na likamwandama McGovern hadi Novemba, alipobwagwa katika majimbo 49 kati ya 50. Wengi waliamini Novak alilitunga. Hakulitunga. Mwaka 2007, baada ya kifo cha mwenye maneno, Novak alimtaja: Thomas Eagleton wa Missouri. Eagleton ndiye huyohuyo ambaye miezi michache baada ya nukuu ile McGovern alimteua kuwa mgombea mwenza wake, kisha akalazimika kujiondoa baada ya siku 18 kwa habari za matibabu yake ya akili. Kwa hiyo mwandishi alijua, na wapiga kura hawakujua, kwamba mtu anayesimama jukwaani akimnadi McGovern ndiye aliyempaka masizi. Novak alimwomba ruhusa ya kumtaja, Eagleton akakataa kwa kuwa alikuwa na kura za kutafuta nyumbani kwao. Uhafidhina haumo katika kisa hiki. Mwandishi asiye na chembe ya itikadi angefanya vilevile, tena angesifiwa kwa kutunza ahadi.

Kisa cha pili ndicho kilichomtia doa la kudumu. Februari 2002 Joseph Wilson, mwanadiplomasia aliyewahi kutumikia vituo kadhaa vya Afrika, Bujumbura ikiwemo, alitumwa Niger na CIA kuchunguza kama Iraki ilinunua urani huko. Alirudi akisema haielekei. Hata hivyo Januari 2003 Bush alilihutubia taifa akidai Saddam ametafuta urani Afrika, na Julai 6 Wilson akaandika katika New York Times kueleza alichokikuta. Siku mbili baadaye Novak alikaa na Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, akauliza kwa nini alitumwa Wilson. Armitage akamwambia kwamba mke wa Wilson anafanya kazi CIA. Karl Rove wa Ikulu akalithibitisha kwa maneno machache. Msemaji wa CIA alimwomba Novak asilitumie jina la mwanamke huyo; Novak akaona ombi halikuwa na uzito wa kutosha. Julai 14 jina la Valerie Plame likatoka gazetini, na kazi yake ya siri ikaishia hapo.

Wengi walikimbilia jibu la upande: mhafidhina amewasaidia wahafidhina kumwadhibu mkosoaji wa vita. Lakini Novak mwenyewe alikuwa mkosoaji wa vita hiyohiyo, na Armitage hakuwa shabiki wa vita hiyo pia. Habari ilipita kwa njia ya kawaida ya Washington: mkubwa anapiga umbea na mwandishi anayemwamini, mwandishi anapata kitu ambacho wenzake hawana, msomaji anaambiwa tu kwamba limesemwa na “maofisa wawili waandamizi”. Kwa miaka mitatu Marekani ilihangaika na siri hiyo. Judith Miller wa New York Times alikaa jela siku 85 kwa kukataa kutaja chanzo chake, Lewis Libby wa ofisi ya makamu wa rais akatiwa hatiani Machi 2007 kwa kuwadanganya wachunguzi, na Armitage, aliyeanzisha maneno kwa Novak, alijitokeza hadharani Septemba 2006 tu, wala hakushtakiwa kwa lolote. Miller hakuwa mhafidhina wa Crossfire. Alikuwa mwandishi wa gazeti linalojivunia kutokuwa na chama, akila kwenye sahani ileile.

Ukitaka ushahidi wa Novak mwenyewe, upo katika kumbukumbu zake, na nadhani ndicho kitu cha maana kuliko vyote alivyoandika. Anaeleza bila aibu kwamba H. R. Haldeman, mkuu wa wasaidizi wa Nixon, alishambuliwa na safu ile kupita kiasi alichostahili kwa sababu alikataa kuwa chanzo. Kuhusu Rove anakiri kwamba kila mmoja alimfaa mwenzake, na kwamba hiyo ndiyo kawaida ya uandishi wa ngazi za juu Washington. Soma tena kwa utulivu: Haldeman na Rove wote ni Warepublican. Kilichoamua nani apigwe na nani aachwe ni kama simu zake zilipokewa, chama hakikuingia. Na biashara iliyojengwa juu ya simu hizo haikuwa ndogo: kulikuwa na jarida la kulipia lililoanza mwaka 1967, na mikutano ambako waliolipa waliwasikiliza wanasiasa wakizungumza faragha. Msomaji wa kawaida wa safu alikuwa mteja wa mwisho kabisa katika msururu huo.

Najua nitaambiwa kwamba msimamo na chanzo haviachani, kwamba mhafidhina hufuatwa na wahafidhina na kuletewa yale yanayowafaa. Ni kweli kwa kiasi, na kuna mfano mchungu. Mwaka 1997 Novak aliandika safu ya kumshambulia Janet Reno, mwanasheria mkuu wa serikali ya Clinton, kwa habari alizopewa na ofisa wa FBI aitwaye Robert Hanssen. Februari 2001 Hanssen alikamatwa. Alikuwa akiwapelelezea Warusi, kwa vipindi, tangu mwaka 1979. Hapo msimamo ulimfungulia mlango mtu asiyefaa, sibishi. Ila kilichomzuia msomaji wa 1997 kupima madai yale ni nini? Msomaji alijua fika Novak hampendi Clinton. Hakujua Hanssen ni nani. Eagleton naye alikuwa Mdemokrat wa kiliberali, akampelekea mhafidhina maneno kwa hiari yake, jambo linaloonyesha kwamba mwenye kutaka kumchoma mwenzake hachagui kisu kwa itikadi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba bila vyanzo vya siri hakuna uandishi wa kufichua uovu. Watergate isingefichuka vile bila Mark Felt wa FBI, aliyekaa miaka zaidi ya 30 bila kutajwa. Nakubali, na sitaki kizuizi chochote juu ya hilo. Lakini Felt alikuwa akieleza makosa ya wenye nguvu kuliko yeye, na angepoteza kila kitu kama angejulikana. Armitage alikuwa naibu waziri akizungumzia mke wa raia aliyeisumbua serikali. Eagleton alikuwa akimng’ong’a mwenzake wa chama. Wote wamewekwa chini ya neno moja, “chanzo”, na wote wamepewa ulinzi uleule, na hapo ndipo taaluma inapojidanganya. Mwandishi anaweza kumwambia msomaji mengi bila kumtaja mtu: kwamba msemaji ni mpinzani wa anayesemwa, kwamba ana cheo cha kulinda, kwamba aliombwa athibitishe akakataa. Safu za Washington hazikufanya hivyo kwa sababu zingekausha kisima.

Wapo bila shaka wachambuzi wa kihafidhina ambao kweli walikuwa wamenunuliwa. Januari 2005 iligundulika kwamba Armstrong Williams alilipwa dola 240,000 zilizotoka Wizara ya Elimu ya Marekani ili aisifie sera ya elimu ya Bush, na kampuni iliyosambaza safu yake ikaachana naye. Angalia kilichowaghadhibisha watu. Uhafidhina wake ulijulikana miaka yote na haukumkosesha nafasi magazetini. Kilichomwangusha ni bahasha, na bahasha humfikia hata asiye na msimamo. Pengine humfikia kirahisi zaidi, maana hakuna anayemshuku.

Mnamo Agosti 4, 2005, Novak alikuwa studio za CNN akibishana na James Carville wa Democratic kuhusu siasa za Florida, mabishano aliyoyafanya mara mamia. Carville akamchokoza kidogo. Novak akatoa neno la matusi, akainuka, akatoka kipindi kikiendelea hewani, na kituo kikamsimamisha. Mtangazaji Ed Henry aliwaeleza watazamaji kwamba alikuwa amemtaarifu Novak kabla ya kipindi kuwa angemuuliza kuhusu Valerie Plame. Novak alisema baadaye kwamba hilo halikuhusiana na kuondoka kwake. Huenda. Kuhusu uhafidhina wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka 25, akizomewa na kutukanwa, bila kuinuka.