"Ni uzee tu" imetosha. Ulizeni mkojo

Watu wangu wa Oyugis na mlio mbali, leo siweki kichekesho.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Kwa hivyo usinisikize kama daktari. Nisikize kama mjukuu aliyenunua dawa iliyokaribia kummaliza nyanya yake.

Dani ana miaka 86 na anameza dawa za presha kila siku. Magoti yalipomsumbua, nilikimbia duka la dawa nikaomba diklofenaki. Nikapewa. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Wiki hiyo hiyo akaanza kuharisha. Siku ya tatu hakututambua, tukamkimbiza hospitali.

Wodini kila aliyepita alisema, "Huyu ni uzee tu." Hata mimi nikakubali. Kesho yake nesi mwanafunzi akauliza, "Dani alikojoa lini mara ya mwisho?" Tulikuwa watu watano kando ya kitanda. Tukaangaliana. Hakuna aliyejua.

Damu ikapimwa. Figo zilikuwa zimegoma.

Nilivyoelezwa ni hivi. Figo za mtu wa umri huo bado zinafanya kazi, lakini hazina akiba. Kuharisha kunamaliza maji mwilini. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Baadhi ya dawa za presha nazo zinashusha nguvu ya kuchuja. Moja moja pengine zingevumilika. Zikikutana zote, figo zinaweza kufeli kwa siku chache tu.

Na kipimo cha damu peke yake kinaweza kukudanganya. Kreatinini inatoka kwenye misuli, na nyanya aliyekonda hana misuli mingi. Namba inaweza kuonekana sawa na figo ziko taabani. Ndio maana mkojo lazima uangaliwe. Ukiwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa saa 6, hiyo ni hatari. Mtu wa kilo 50, hiyo ni mililita 150. Nusu ya soda ndogo! Kitu cha kupimwa na mkebe.

Dani alipata nafuu. Diklofenaki ilisimamishwa, dawa ya presha ikasitishwa kwa muda na daktari, maji yakaongezwa kwa kipimo. Hakufika kwa mashine ya kusafisha damu. Akiwa amepona nikamuuliza mbona alikuwa anakataa maji nyumbani. Akaniambia, "Nyakwara, choo kiko nje na magoti yanauma. Sikutaka kuwasumbua usiku."

Hiyo ilinichoma kuliko kitu kingine chochote. Mzee anajinyima maji ili sisi tulale.

Mwaka 2013 chama cha kimataifa cha madaktari wa figo kilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2025 asife mtu kwa kufeli ghafla kwa figo kunakozuilika. 2025 imepita. Huku kwetu bado tunasema uzee.

Msimamo wangu ni huu. Kila mgonjwa wa miaka 80 kwenda juu awe na karatasi kitandani: amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani. Manesi ni wachache, najua, lakini sisi jamaa tunaokaa pale tukibofya simu tunaweza kuandika. Muuza dawa aulize dawa ni ya nani, ana miaka mingapi, anameza nini kingine. Na kaunti ihakikishe kipimo cha kreatinini hakikosekani.

Tafadhali, usimwachishe mzee dawa za presha kwa sababu ya posti yangu, na usimjaze maji kama mtungi. Maji mengi kupita kiasi yanaweza kuishia mapafuni. Muulize daktari.

Lakini usiku wa leo mpelekee nyanya yako maji, umwekee na ndoo karibu na kitanda. Mwambie hasumbui mtu.

Wewe uliwahi kuambiwa "ni uzee tu"? Niandikie hapo chini.