Jeshi Linalonyang'anya Haliwezi Kupigana

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote ya Tanzania iliyo kati ya Mutukula na Mto Kagera. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Miezi mitano na siku kumi baadaye, yaani Aprili 11, 1979, Kampala ilikuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe, na yule aliyejiita mshindi alikuwa mtoro.

Ushindi huo umesimuliwa mara nyingi, na ni haki usimuliwe. Hata hivyo, liko swali ambalo masimulizi mengi hulipita haraka: jeshi lile lilipatwa na nini? Maana halikuwa kundi la wahuni waliookotwa barabarani. Lilikuwa limefunzwa na Waingereza, kisha na Waisraeli, na hatimaye likapewa vifaru na ndege za MiG na Warusi. Kikosi cha Simba cha Mbarara na kile cha Malire cha Kampala vilihesabiwa kuwa miongoni mwa vikosi hodari katika Afrika Mashariki.

Wakazi wa Bukoba walilijua jeshi hilo kabla ya 1978. Septemba 1972, wafuasi wa Rais Milton Obote walipoingia Uganda wakitokea Tanzania na kuzishambulia Masaka na Mbarara, askari wa Amin waliwarudisha nyuma kwa muda mfupi, na ndege zake zikaja kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Siku zile jeshi la Uganda lilipigana, tena likashinda.

Miaka sita na nusu baadaye miji ileile miwili ilishambuliwa tena. Masaka ilitekwa Februari 24, 1979. Mbarara, makao ya Simba, ilitekwa siku iliyofuata. Kambi zilikuwa zilezile na silaha zilikuwa nyingi kuliko za 1972. Kilichopungua kilikuwa moyo wa askari, na moyo huo haukuuawa na mizinga ya Tanzania. Ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa wa ndani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kuoza huko kuna historia. Majeshi ya Tanganyika na ya Uganda yalizaliwa na mama mmoja, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Januari 1964 yote mawili yaliasi. Yafaa ikumbukwe bila haya kwamba maasi yalianzia Tanganyika, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na yakafuatiwa na yale ya Jinja siku chache tu baadaye. Nchi zote mbili zililazimika kuwaita askari wa Kiingereza kuyazima. Tofauti ilikuja baada ya hapo. Tanganyika ililivunja jeshi lile na kuanza upya, na Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake walifundishwa kwamba bunduki ni mali ya umma. Uganda iliwaongezea askari mishahara na kuyaacha mambo yaendelee. Askari wa Jinja wakajifunza kwamba anayeishika serikali koo hulipwa.

Januari 25, 1971 wakaishika koo kweli. Aliyetawala kwa mtutu hakuweza kuwaamini wengine wenye mitutu, kwa hiyo kazi ya kwanza ya Amin ilikuwa kuwaua askari wa Kiacholi na wa Kilango katika kambi zao. Maofisa waliosoma na wakongwe wenye ujuzi waliuawa au walikimbia, na nafasi zao zikajazwa na watu wa karibu yake na mamluki kutoka Sudan na Zaire. Cheo kikawa zawadi ya utiifu. Dereva aliweza kuamka kamanda, na kamanda kutoonekana tena.

Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, maduka yao, nyumba zao na magari yao yalianguka mikononi mwa wakubwa wa jeshi. Hapo ndipo jeshi hodari lilipogeuka kuwa chama cha wachuuzi wenye sare. Ofisa mwenye duka mjini huwaza duka. Mfalme wa namna hiyo sharti aendelee kuwalisha watu wake, na ndege zilitumwa hadi Uingereza kuleta pombe na anasa kwa ajili ya askari huku mwananchi wa Uganda akikosa chumvi na sabuni. Bei ya kahawa iliposhuka mwaka 1978, mirija ikaanza kukauka. Wakubwa wakagombana, vikosi vikaanza kuasi, na Amin akatafuta vita nje ili kuzima moto uliowaka nyumbani.

Tabia ya jeshi hilo ilionekana wazi ndani ya Kagera. Lilipofika kwenye mto halikujenga ngome imara, wala halikuwa na mpango wa kuishika ardhi liliyoiteka. Lilianza kukusanya mali. Ng'ombe walisombwa, mabati yaling'olewa mapaani, mitambo ya kiwanda cha sukari ikaibwa, na wananchi wapatao 1,500 wakauawa. Maelfu waliacha migomba na kahawa yao wakakimbilia kusini ya mto. Daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akadhani kwamba mto utampigania. Kumbe askari aliyelemewa na mzigo wa wizi ana neno moja tu moyoni, nalo ni kufika kwao salama na mzigo wake.

Upande wa pili, Mwalimu Nyerere aliliambia Taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Katika vitu hivyo vitatu, uwezo ndio uliohitaji kujengwa, kwa kuwa mpaka ulikuwa na walinzi wachache mno wakati adui alipoingia. Wanamgambo waliitwa kutoka mikoani, magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa, na jeshi likakua hadi kupita watu 100,000. Wahandisi wakaweka daraja jingine juu ya Kagera. Askari wakavuka, wakaenda kwa miguu. Adui alishikamana na barabara na magari yake. Wao walipita porini na kwenye vinamasi, wakamtokea ubavuni.

Hapana budi kusema kweli yote. Mutukula ilipotekwa Januari 1979, baadhi ya askari wa Tanzania walilipiza kisasi. Nyumba zilibomolewa na raia wasio na hatia waliuawa. Lilikuwa kosa, na kulificha ni kulitia jeshi sumu ileile iliyoliua la Amin. Lililo muhimu ni kwamba Mwalimu alipopata habari alifadhaika, na amri ikatolewa kwamba raia wa Uganda wasiguswe. Raia waliotendewa kama binadamu waliwaonyesha njia askari wa Tanzania, wakawaeleza adui alipojificha. Hapo ndipo penye tofauti ya majeshi haya mawili. Hakuna jeshi lisilokosea. Lakini liko jeshi linaloweza kuambiwa limekosea likatii, na liko jeshi ambalo hakuna awezaye kuliambia neno.

Machi 10 na 11, katika vita vya Lukaya, hayo yalidhihirika. Walibya waliotumwa na Kanali Gaddafi, pamoja na askari wa Amin, walikisukuma nyuma kikosi cha Tanzania kilichokuwa mbele, na kwa usiku mmoja njia ya Kampala ilifungwa. Kikosi hicho kilijipanga upya, kingine kikazunguka nyuma ya adui, na asubuhi ushindi wa Amin ukageuka kilio. Tangu siku hiyo jeshi la Uganda halikufanya tena shambulio kubwa. Entebbe ilianguka Aprili 7. Wengi walivua sare wakavaa kiraia, wakateka magari ya raia na kukimbilia Sudan na Zaire. Jeshi lililokuwa likiwatisha wanawake sokoni liliyeyuka kama mafuta juani.

Wala si Uganda peke yake iliyoonyesha hayo. Mwaka 1997 jeshi la Mobutu, ambalo vikosi vyake vya ulinzi wa Rais vililipwa na kuvishwa vizuri kuliko vyote, lilikimbia kutoka mashariki ya Zaire hadi Kinshasa likiwapora wananchi njia nzima. Ugonjwa ulikuwa uleule, na mwisho ukawa uleule.

Gharama ya kuuondoa ugonjwa huo Tanzania iliilipa kikamilifu. Mwalimu aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini mikanda hiyo ilifungwa kwa miaka mingi zaidi. Katika Wilaya ya Muleba, kwenye kambi ya Kaboya, wamezikwa askari wa vita hivyo, na pale Kyaka magofu ya kanisa yangali yamesimama. Kijana wa Bukoba au wa Muleba aliyezaliwa baadaye huona makaburi na magofu hayo kama mambo ya kale. Ni wajibu wa walimu, wazazi na viongozi kumweleza kwamba hayo ni hati ya deni.

Deni hilo halilipwi kwa shada la maua la Julai 25 peke yake. Hulipwa kila siku, mlinzi wa mpakani anapokataa hongo ya mfanyabiashara wa magendo, ofisa anapopewa cheo kwa kazi yake na si kwa ukoo wake, na mwananchi aliyeonewa na mwenye sare anapopata mahali pa kushtaki akasikilizwa. Taifa lisijidanganye kwamba ushindi wa 1979 ni urithi usiooza. Jeshi la Uganda nalo lilishinda mwaka 1972, likaulewa ushindi wake, na miaka sita na nusu ikatosha kulimaliza. Askari wa kwanza atakayechukua kuku wa mwananchi bila kuadhibiwa ndiye atakayeanza kuifungua njia ambayo majeshi ya Amin yalipita, na njia hiyo mwisho wake unajulikana.