Sauna Naye Alikuwa Mtoto wa Mtu

Katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyoanza kutahiniwa KCSE mwaka 2018, yaya Sauna anaiba watoto wa tajiri wake ili wauzwe. Matei hakuficha kidonda cha Sauna: alinajisiwa na baba wa kambo, na mamake, badala ya kumtetea, akamsaidia kutoa mimba kisha akamziba mdomo. Wanafunzi wangu, nilipokuwa mwalimu Kilifi, walikariri hayo kama “sababu za uovu wa Sauna”. Tukapata alama, tukaenda swali la pili.

Sasa mimi ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, na Ijumaa nikipewa ruhusa huenda mtaa wa Batha, kwenye maduka ya simu na ya kutuma pesa. Kina Sauna tele. Sisemi wezi; nasema wanawake waliosafiri na jambo ambalo kwao halisemwi.

Mmoja nilimsindikiza kununua viatu vya shule. Nyanya alikuwa amechora unyayo wa mtoto kwenye daftari la hesabu, akatuma picha. Mama akahesabu visanduku kwa ncha ya ukucha, akaongeza kimoja cha kukulia. Akaniambia yeye pia alilelewa na nyanya, mamake akiwa yaya Nairobi, na hadi leo hajamsamehe. Akalipa, tukatoka.

Mama kama huyu riwaya zetu zinamkwepa. Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), alituonyesha vizuri jinsi ukali wa baba unavyomvuruga binti, lakini Rosa akajiua kabla hajalea mtoto. Sasa nani atatuandikia aliyebaki hai, akazaa, akaondoka? Au wale tunaowaita Kemboi, kwa jina la bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji, kwa kuwa walimtoroka kafili, yaani mwajiri aliyewadhamini? Wapo waliojifungua huku bila cheti cha ndoa. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na bila karatasi hapandi ndege na mamake.

Atakayethubutu asiimalizie hadithi uwanja wa ndege wa Mombasa, watu wakikumbatiana. Aingie nyumbani wiki ya tatu, mtoto anapopata homa usiku akampita mama kitandani, akaenda kumwamsha nyanya. Na huyo nyanya apewe sura yake nzima. Ana maswali ya kujibu.