Audiard Hakuiharibu Le Bureau des Légendes

Tangu 2020 wapo wanaoshikilia kwamba mwongozaji Jacques Audiard aliiharibu tamthilia ya kijasusi ya Canal+, Le Bureau des Légendes, alipokabidhiwa vipindi viwili vya mwisho na mwasisi wake, Éric Rochant. Wanasema mwendo ulipoa na ujasusi ukageuka maombolezo.

Hoja hiyo haisimami.

Mtazamaji arudi msimu wa kwanza, 2015. Guillaume Debailly, anayeigizwa na Mathieu Kassovitz, amerejea Paris baada ya miaka sita Damascus kwa jina la Paul Lefebvre, na jina hilo hataki kulivua kwa sababu ya Nadia El Mansour, mpenzi wake wa huko. Ili kumwokoa mwanamke huyo, anajiuza kwa CIA. Misimu yote mitano imejengwa juu ya kosa hilo la mapenzi, si juu ya operesheni yoyote ya Iran wala Urusi. Kweli, mtindo ulibadilika ghafla, na aliyezoea utulivu wa Rochant ana haki ya kushtuka. Lakini kumdai Audiard ushindi wa maofisa wa DGSE, idara ya ujasusi wa nje ya Ufaransa, ni kudai mwisho wa tamthilia nyingine. Deni kubwa la Debailly lilikuwa kwa Nadia, na huko ndiko Audiard alikoielekeza kamera.